Kura ya Kompyuta na Kikapu cha Mbavu Ishirini

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Nalisema mwanzoni ili mtu asije kuniambia baadaye kwamba mambo ya kompyuta siyajui. Ni kweli siyajui. Ila kuhesabu mpaka ishirini najua, na jambo lenyewe lilitaka ishirini tu.

Mfereji wetu uko Usangu, upande wa Mbeya, bondeni ambako mpunga ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio jeneza. Mashamba yanayokunywa maji ya mfereji huo ni ishirini na kila shamba lina namba yake. Langu ni namba tisa. Nililikuta kwa marehemu mume wangu nilipoolewa kutoka Kalenga, kule Iringa, na nimelilima mpaka magoti yamekataa. Siku za kupandikiza naweka vibarua. Siku nyingine zote ni mimi na jembe langu.

Mto ukijaa hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza mvua zikikatika. Hapo inapangwa zamu ya wiki: Jumatatu asubuhi geti linafunguliwa, wa kwanza ananywesha, anafuata wa pili, hivyo hivyo mpaka Jumamosi jioni. Kumi wa mwanzo wanapata maji yenye nguvu, maji yanayokuja na sauti. Kumi wa nyuma wanapata tope na visingizio, kwa sababu kuanzia Alhamisi wenzetu wa mfereji wa juu nao wanafungua geti lao. Kuwa nyuma wiki moja si kitu, mpunga unavumilia. Kuwa nyuma kila wiki ni kuangalia shamba likipasuka nyufa huku jirani yako anavua kambale kwenye lake.

Zamani zamu hizo alizipanga mwenyekiti, nyumbani kwake, mezani kwake, akiwa na kikombe chake cha chai. Cha ajabu ndugu zake hawakuwahi kunywesha Jumamosi hata mara moja. Tulichoka. Kwa hiyo katibu wetu aliposimama kwenye mkutano na kusema chama kimeletewa kompyuta, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuikubali. Hilo nalo nalisema. Sikuwa adui wa kompyuta.

Katibu ni mama wa makamo, mwenye miwani, mwenye kujua kazi yake na kujua kwamba anaijua. Akatuambia, "Kuanzia msimu huu, kura ya zamu itapigwa na kompyuta."

Mzee wa shamba namba mbili akainuka huko nyuma. "Ina kitambulisho?"

"Nani, baba?"

"Hiyo kompyuta. Kupiga kura lazima uwe na kitambulisho. Mimi mwaka ule nilirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo."

Watu wakacheka, katibu naye akacheka. Akaeleza kwamba hii si kura ya kuchagua kiongozi, ni kura ya kubahatisha. Kompyuta inazichanganya namba zetu zote kama mtu anavyochanganya karata, halafu inazitoa moja moja. "Haina ndugu," akasema. "Haina kabila, haina dhehebu. Mnataka nini tena?"

Tulicheka, lakini nikitazama nyuma yule mzee alikuwa ameshika jambo. Sisi neno letu ni moja. Kumchagua diwani ni kura, na kuokota karatasi kwenye kofia ni kura. Katibu alitamka la pili na watu wakasikia la kwanza. Hazikupita wiki mbili, watu wa mfereji wakaanza kuongea kana kwamba ile mashine imekaa pale ofisini inatutazama mmoja mmoja na kuamua nani anafaa. Aliyetoka mbele wanampongeza, "Kompyuta imekupigia kura." Aliyetoka nyuma wanamwambia, "Pole, imekukataa."

Mimi ilinikataa. Utaratibu ulikuwa hivi: kila baada ya wiki nne katibu anafungua ofisi, anaiwasha kompyuta, anabonyeza mara nne, zinatoka orodha nne za wiki nne zinazokuja. Anaizima, anaifungia kabatini, na kila Jumatatu anabandika orodha moja ukutani. Wiki ya kwanza nilikuwa wa kumi na saba. Ya pili, wa ishirini. Ya tatu, wa kumi na nne. Ya nne, wa kumi na tisa.

Nikaenda ofisini.

"Bibi, ni bahati tu," katibu akasema, hajainua macho.

"Wiki nne zote?"

"Bahati haina wiki."

"Hiki kitu mlikipima kabla ya kutuletea?"

Hapo akainua macho. "Kimepimwa na wataalamu."

"Walikipima kwa kutumia nini?"

"Bibi yangu, hayo ni mambo ya ndani sana."

Nikamwambia mimi mizani ya dukani naiona imepigwa muhuri. Maziwa yangu yakipelekwa kwa mnunuzi anachovya kile kijiti chake, ayapime kama nimeweka maji. Mimba zangu saba zilipimwa, na mkunga hakuniambia ni mambo ya ndani sana, ingawa yalikuwa ya ndani kweli. "Sasa hii inayogawa maji ya watu ishirini," nikamuuliza, "wewe mwenyewe umeipima lini?"

Akasema, "Mama, ukitaka turudi kwa mwenyekiti na kikombe chake cha chai, sema."

Huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kila ukiuliza, unaonekana unataka ya zamani.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nilikuwa nimeanza kikapu siku hiyo. Sisi wanawake wa Iringa tunasuka vikapu kwa milulu, yale majani marefu ya majimajini, na mkono wangu haujui kukaa bure. Unaanza na kitako, halafu unasimamisha mbavu, yaani ile milulu minene inayopanda juu, na mlulu mwembamba unauzungusha ukipita kila ubavu. Nilikuwa nimesimamisha mbavu ishirini na nne. Nikakaa nikazitazama, nikang'oa nne.

Zikabaki ishirini. Ubavu mmoja kwa kila shamba. Wa kwanza nikaufunga kauzi kekundu ili nisipotee.

Nilifanya hivi. Jumatatu naenda ofisini, nasoma ukutani zile kumi zilizotangulia, naziandika kwenye kiganja kwa kalamu. Narudi, nasuka mizunguko mitatu. Nikifika ubavu wa shamba lililo mbele, mlulu mweusi unapita juu yake. Nikifika wa shamba la nyuma, unapita mweupe. Karatasi ningepoteza, na kuandika kwangu hata mimi kesho yake sikusomi. Kikapu sipotezi. Nilitaka nimalize msimu nimpelekee katibu nimwambie, haya, ona mwenyewe nani anakunywa na nani halambi. Sikuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo.

Wiki zikaenda. Ubavu wa tisa ukabaki mweupe kutoka chini. Mweupe, mweupe, mweupe. Shamba nalo likaanza kupauka rangi.

Jirani yangu wa shamba namba kumi ni mama wa Kisukuma, walikuja huku na mumewe wakifuata malisho, ng'ombe wakapungua, wakabaki kwenye mpunga. Yeye alitoka mbele wiki tatu kati ya nne. Akanikuta tutani nimeshika kiuno.

"Bibi, mimi hata sijaiomba hiyo bahati," akasema.

"Sijakulaumu."

"Lakini unanitazama."

"Natazama maji yako, mama. Wewe umesimama mbele yake."

Akacheka. Kesho yake akakata tuta lake kidogo, maji ya ziada yakamwagikia kwangu. Yakaingia kama saa moja. Mwenyekiti akapita, akaona, akamwonya mbele ya vibarua kwamba akirudia atanyang'anywa zamu. Maji yangu yaliyobaki ya kuombaomba nayo yakakatika hivyo.

Halafu wakaja wanawake watatu wa kanisani. Walikaa sebuleni, wakanywa chai yangu, wakamaliza mihogo yangu, halafu kiongozi wao akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Mama, tunakuuliza kwa upendo. Kuna mtu hujamsamehe?"

"Kwa nini?"

"Maana wengine wote wamewahi kutoka mbele hata mara moja. Wewe tu. Mtu anajiuliza."

Nikamwambia mpaka sasa mtu huyo hayupo, lakini wakikaa dakika tano zaidi atakuwepo.

Walipoondoka nililia kidogo, na ninasema hivyo ingawa sipendi. Nilikuwa na miaka yangu yote hii, nimezika mume na watoto wawili, nimelea wajukuu, na leo naambiwa dhambi zangu zimeonekana na mashine. Wakati huo mpunga ulikuwa unakaribia kubeba mimba. Anayelima mpunga anajua maana yake. Ukikosa maji hapo, masuke yanatoka, yanasimama vizuri kabisa, unapita barabarani unasifu. Ukivunja unakuta mapepe, ganda lisilo na kitu.

Milulu ikaniishia baada ya wiki nane za kusuka, yaani siku chache kabla katibu hajabonyeza nyingine nne. Nikapanda basi kwenda Iringa, nikashuka, nikafika Kalenga kwa dada yangu. Ndiye mkubwa wangu, ndiye aliyenifundisha kusuka, kwa kunipiga vidole na kijiti. Siku hizi macho yamepungua lakini ulimi uko palepale.

"Kamwene," nikamsalimia kwa kikwetu.

"Kamwene, mdogo wangu. Umekonda. Leta hicho kikapu."

Hakuniuliza safari. Akakishika, akakizungusha magotini, akakipapasa kwa kidole gumba kutoka kitakoni kwenda juu. Akarudia. Akanitazama.

"Nani kakufundisha nakshi hii, ua hili?"

"Hakuna ua, dada. Hizo ni zamu za maji. Zimetoka ovyo tu."

"Mimi sijaambiwa ovyo. Nimeshika ua." Akaweka kidole. "Hapa umeanza, nyeusi mbili, nyeupe, nyeusi, nyeupe tatu. Mzunguko mzima. Halafu ukabadilisha, ukabadilisha tena, ukabadilisha tena. Halafu hapa" (akapanda juu) "umerudi palepale. Nyeusi mbili, nyeupe, nyeusi, nyeupe tatu. Na lililofuata limefuata. Umeweka safu nne, umezirudia nne. Safi kabisa, hata ubavu mmoja hujakosea. Mbona siku zote hukuwa unasuka safi hivi?"

Nikakichukua. Nikahesabu. Nikahesabu tena kuanzia kwenye kauzi kekundu, nikisogeza midomo kama mtoto. Wiki ya tano ya kikapu ilikuwa wiki ya kwanza. Ya sita ilikuwa ya pili. Mbavu zote ishirini. Nilikuwa nimekisuka mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili na sikuona, kwa sababu nilikuwa natazama ubavu wa tisa tu, na huo haukuwa na rangi ya kutazama.

Nikakumbuka na zile wiki nne kabla ya kikapu. Kumi na saba, ishirini, kumi na nne, kumi na tisa. Na mwezi uliopita? Kumi na saba, ishirini. Niliziona ukutani mara tatu na mara zote hasira ilinizuia kuzisoma.

"Sasa inakuwaje?" nikamuuliza dada. "Katibu anasema inachanganya kila mara."

"Wanaizima?"

"Wanaizima, wanaifungia kabatini."

Akafikiri. "Mimi nikianza kikapu kipya naanza wapi?"

"Kitakoni. Milulu minne juu ya minne."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Nimeshasuka vikapu sijui vingapi, na sijawahi kuanza pengine. Mkono haujui pengine. Labda na hiyo mashine yenu ikiamshwa haijui pengine." Akanirudishia kikapu. "Ila una ubavu mmoja mbaya. Ule mweupe. Unaharibu kikapu."

"Huo ni mimi."

"Aa," akasema. Akaenda kuniwekea chakula.

Siku ya kubonyeza nilifika ofisini mapema, kikapu kwapani. Siku hiyo watu hujaa, wanataka kuona. Mwenyekiti yupo, yule mzee wa namba mbili yupo, mama wa Kisukuma yupo, na kiongozi wa wanawake wa kanisani yupo kwa sababu ana shamba namba kumi na sita. Katibu akaitoa mashine kabatini, akaiweka mezani. Nikamwambia asiiwashe kwanza.

"Nataka niseme orodha."

"Orodha gani, bibi?"

"Unayotaka kuitoa. Nitakutajia kumi za mbele. Andika ukutani kwa chaki wote waone, halafu ndiyo uwashe."

Mwenyekiti akasema tusipoteze muda wa watu. Mzee wa namba mbili akasema muda wake anao mwingi, aachwe apoteze. Watu wakaguna kumuunga mkono. Katibu akachukua chaki kwa mtindo wa mtu anayemridhisha mgonjwa.

Nikaweka kikapu mezani, nikatafuta kauzi kekundu, nikaanza kupapasa safu ya chini. "Moja. Mbili. Nne. Nane. Kumi." Nikaendelea mpaka zikatimia kumi. Mama wa Kisukuma akasema, "Mimi nipo?" Nikamwambia, "Wewe upo, utulie."

Katibu akawasha. Ikachukua muda wake kuamka, ikapiga mlio. Akabonyeza.

Orodha ikatokea. Katibu alisoma namba ya kwanza, akaitazama chaki. Akasoma ya pili. Alipofika ya sita alivua miwani, akaifuta kwenye kitenge, akaivaa. Kumi zote zilikuwa ukutani. Mpangilio sikuutaja, huo kikapu hakikuujua, lakini walio mbele na walio nyuma walikuwa walewale.

"Umekisia," mwenyekiti akasema.

"Basi nikisie na ya pili."

Nikataja ya pili, ikatoka. Ya tatu, ikatoka. Ya nne hakuna aliyetaka kuiandika, nikaisema kwa mdomo tu, na watu wakawa wanaitikia kila namba kama kanisani. Mimi ni namba tisa na sikujitaja hata mara moja.

Katibu akampigia simu aliyetengeneza programu, mtu wa mjini Mbeya, akaweka spika. Namshukuru kwa hilo, angeweza kutoka nje kuongea peke yake. Akamweleza. Yule mtu akauliza, "Mnaizima kila mkimaliza?" Akaambiwa ndiyo. Akasikika akibonyeza kitu kwake. Halafu akasema, "Ahaa. Hilo ni suala la mbegu."

Ofisi nzima ikasogea mezani.

"Mbegu?" katibu akauliza.

"Kompyuta haiwezi kubahatisha yenyewe. Inapewa namba ya kuanzia, tunaiita mbegu, halafu inazalisha nyingine kutoka hapo. Mbegu ikiwa ileile, zitakazoota ni zilezile. Ilitakiwa kila ikiwashwa ichukue mbegu mpya, kwa mfano saa ya wakati huo. Inaonekana hatukuliweka hilo."

Mzee wa namba mbili, ambaye mbegu anayoijua ni ya mpunga tu, akainamia simu. "Mbegu gani mliweka, saro au supa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mimi sikucheka. Nikaiinamia simu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mlisema imepimwa."

"Ilipimwa, mama. Tuliibonyeza mara nyingi sana, namba zilichanganyika vizuri."

"Mliibonyeza mkiwa mmeizima na kuiwasha?"

Nikaisogelea simu zaidi.

"Mliizima na kuiwasha hata mara mbili?"

"Hapana, mama. Pale ofisini kwetu haizimwi."

Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo ninaposimulia. Si kwamba mashine ilikosea. Mashine ilifanya ilichofundishwa, kama mimi nilivyofundishwa milulu minne juu ya minne. Watu wazima wenye vyeti walikaa mjini, wakaipima kwa namna ambayo wao wanaitumia, wakaandika imepimwa, wakatuletea sisi tunaoizima kwa sababu umeme wetu ni wa betri. Na kila nilipouliza, jibu lilikuwa bahati. Neno hilo linamfaa sana mtu asiyetaka kuangalia. Ukimwambia mtu hana bahati umeshamfunga mdomo, atamshtaki nani?

Programu ikarudishwa mjini kurekebishwa. Wiki ile lazima zamu ipatikane, na mwenyekiti akakohoa, akaanza kusema yeye anaweza kusaidia. Hakumaliza. Mama wa Kisukuma akatuma vizibo vya soda vikaletwa kutoka dukani, vikaandikwa namba kwa kalamu ya wino, moja mpaka ishirini, tukavitia kwenye kikapu changu kwa kuwa ndicho chombo kilichokuwepo. Kikatikiswa na kila mtu kwa zamu. Mzee wa namba mbili akafunikwa macho kwa kanga, akawa anachomoa.

Kizibo changu kilitoka cha kumi na nane.

Kuna mtu alianza kucheka, akajizuia. Wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Andikeni. Hiyo ni yangu." Na nilimaanisha. Wiki ile nilikosa maji kama wiki zile nyingine kumi na mbili, lakini nililala. Wiki iliyofuata nilitoka wa tatu, maji yakaja Jumatatu saa nne asubuhi na sauti yake, nikasimama tutani nayatazama yanavyoingia kwenye nyufa. Yalichelewa. Upande wa juu wa shamba, ule ulio karibu na mfereji, ulipona. Upande wa chini ulikuwa umeshatoa masuke. Nilivunja moja, nikavunja la pili, sikuendelea. Nusu ya shamba ilikuwa mapepe, tukawakatia ng'ombe.

Kwenye mkutano wa mwisho wa msimu niliomba jambo moja: waniambie samahani, mbele ya watu, kama walivyoniambia bahati mbele ya watu. Mwenyekiti akasema tatizo lilikuwa la kitaalamu na limeshapelekwa kwa wahusika. Kiongozi wa wanawake akasema tumshukuru Mungu kwa kuwa ukweli umedhihirika. Nilimuuliza alipokuja kwangu alikuwa anatafuta ukweli upi. Akasema mama, hayo yamepita. Yamepita kwake.

Katibu peke yake alikuja nyumbani. Hakunywa chai. Alisimama mlangoni akasema, "Bibi, uliniuliza nimeipima lini. Sikuwa nimeipima." Nikamwambia aingie akae.

Sasa programu imerudi. Wanasema ina mbegu mpya kila ikiwashwa. Mimi nilisema iletwe, sina ugomvi nayo, lakini haigawi maji mpaka iwe imezimwa na kuwashwa mbele yangu mara za kutosha kikapu kizima. Mwenyekiti alipinga, watu wakapiga kura kwa mikono, ile kura ya kwanza, ya watu, akashindwa. Kwa hiyo vizibo vinaendelea kugawa maji, na kila Jumatatu katibu anaiwasha ile mashine, anabonyeza mara nne, anaizima, anaiwasha tena, na mimi nasuka. Dada ameniletea milulu kutoka Kalenga, mzigo mzima, na maneno kwamba safari hii nisuke kitu cha maana.

Kipo magotini hapa, kimefika nusu. Safu ya jana kwenye mashine nimetoka wa ishirini. Nikapitisha mlulu mweupe juu ya ubavu wa tisa, nikatazama chini yake: mweusi, mweupe, mweusi, mweusi, mweupe. Nikapapasa na mbavu nyingine zote kutoka kwenye kauzi kekundu, nikitafuta ua. Bado sijaliona. Katibu aliyekuwa amekaa pembeni akauliza, "Tuseme iko sawa?"

Nikamwambia kikapu hakijaisha.